Kifaru cha Mboni

Tangu vita vihamie mezani, kila nyumba yenye kijana hupewa boksi la plastiki: kifaru kidogo cha kuunganisha kwa gundi na kupaka rangi, jina la kijana likiandikwa chini yake. Kifaru kikilipuliwa mezani, mwenye jina hufuatwa nyumbani, na harudi.

Meza huonyeshwa kwenye televisheni, na majenerali wanapenda kupendeza. Vifaru vizuri hupangwa mbele. Ndiyo maana mtaani kwetu watu hupaka ovyo, kama wanapaka chokaa choo.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchora mabasi. Maisha yake yote hajawahi kuacha mstari uliopinda.

"Baba Mboni," nilimwambia, "hiki kiharibu."

"Nitakiharibu, mama."

Na kweli alikiharibu. Rangi ya kijani ilichuruzika mpaka kwenye magurudumu, na binti yetu Mboni alicheka hadi akashika mbavu. Lakini kifaru kilikaa kabatini wiki nzima kikisubiri kukusanywa. Mimi nilikuwa nashinda sokoni, mume wangu akibaki peke yake na brashi zake.

Leo tumekaa watatu mbele ya televisheni. Kamera imesogelea kifaru cha mbele kabisa. Kina tope lililokaukia kwenye minyororo, kutu pembeni mwa mfuniko, na mkwaruzo mwembamba ubavuni, kama kimepita kwenye michongoma; vyote ni rangi tupu, vimechorwa kwa brashi.

"Kazi ya nani hii?" mtangazaji anauliza.

Mboni amenishika mkono. Baba yake ameinamisha kichwa, lakini nimemwona: kabla hajainama, alitabasamu.