Gauni Moja kwa Mwezi

Mgeni aliingia sebuleni, na aliyekuwa akimsubiri hakusimama.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao chenye mgongo mrefu, kimesukumwa hadi ukutani. Miguu ameipandanisha, gauni la zambarau limetandazwa magotini, marinda yake yamepangwa moja moja. Alinyoosha mkono palepale alipo.

"Shikamoo, mama."

Shikamoo ya kukaa, kwa mtu wa umri wa mama yake mzazi. Mgeni, mhasibu wa duka la vitambaa, aliiacha ining'inie kidogo kabla ya kuipokea.

"Marahaba."

"Dada, mletee mama kiti. Dada, na chai."

Dada mtu, mkubwa wake kwa miaka tisa, alileta kiti, akaleta chai, akarudi tena kwa ajili ya sukari. Blauzi yake ilikuwa imefifia kwapani na kwenye kola alikuwa amechomeka pini tatu. Mdogo mtu hata kikombe chake hakukifuata mezani. Kilifuatwa kwa niaba yake kikawekwa mkononi.

Huyu mdogo mtu ndiye aliyekuwa na blogu ya mavazi. Kila mwezi alionyesha gauni jipya, na kila mwezi aliapa kwamba halikuzidi elfu thelathini, kitambaa pamoja na fundi. Wasomaji walimwita Malkia wa Bajeti, naye hakuwakataza. Sasa duka la vitambaa lilitaka awe sura ya matangazo yake mwaka mzima, kwa mshahara ambao ungemtoa katika vyumba hivi viwili vya dada yake. Sharti lilikuwa moja: mhasibu aende akahakikishe kwamba bajeti ni ya kweli.

Mhasibu alikuja akijua si ya kweli. Lazima pana bwana mahali analipa.

Magauni yenyewe yalikuwa ukutani, kumi na mawili, kila moja na msumari wake. La Machi lilikuwa na vifungo ishirini na viwili vya lulu za bandia. La Juni lilikuwa na kola ya mawimbi, la Septemba mikono iliyotuna kama maandazi. Mhasibu alinyoosha mkono aguse.

"Usiguse, mama," dada mtu alisema haraka. "Yamepigwa pasi."

"Mikono yangu ni misafi."

"Si wewe tu," mwanablogu alisema. "Watu wengi hawajui kushika kitu kizuri."

Mhasibu aliurudisha mkono mapajani.

"Gauni kama hilo ulilovaa nilimshonesha binti yangu mwaka jana," alisema. "Lilinitoka elfu sitini, na marinda hayakufika nusu ya hayo."

"Ulishonesha bila kufikiri, mama. Usinichukie, ndivyo ilivyo. Fundi wangu hakati kitambaa kisicho na kazi."

"Nimempigia huyo fundi wako. Anasema unalipa vizuri, ila tusimwandike jina."

"Ana haya. Mafundi wako hivyo." Alichukua simu, akaanza kusoma walichoandika watu. "Sikiliza huyu. Eti elfu thelathini haimtoshi hata mkono mmoja. Mwingine anauliza nina siri gani. Sina siri. Nina nidhamu. Mvivu hakosi sababu. Dada, risiti."

Dada mtu alileta boksi la viatu. Mhasibu alizitoa risiti, akazilaza mezani kwa miezi, akajumlisha kwa kalamu, akarudia kwa simu. Elfu thelathini. Elfu ishirini na tisa na mia tano. Elfu thelathini. Alitafuta pa kushika, hakupapata. Hapakuwa na bwana wala uongo, na jambo hilo lilimkera kuliko kama angeukuta uongo.

"Iko sawa," alisema, kama mtu anayetema mbegu. "Imebaki saini. Njoo hapa mezani."

"Dada, niletee hiyo karatasi."

"Dada yako atulie," mhasibu alisema. "Nimeingia humu hukuniinukia. Chai nimenyweshwa na mwingine, risiti nimepewa na mwingine. Miguu unayo?"

"Anayo, mama," dada mtu alisema. "Msamehe tu. Nitampelekea mimi."

"Kama anayo, atakuja nayo. La sivyo narudi na karatasi yangu."

Mwanablogu alimtazama dada yake. Dada mtu alitazama sakafu. Kisha malkia akainuka, akaja taratibu, ubavuubavu kama kaa, akiuburuza mgongo ukutani mpaka ukuta ulipokomea karibu na meza. Hata kutembea, mhasibu aliwaza, huyu anatembea kwa madaha. Lakini gauni lilikuwa zuri, hilo hakuweza kulikataa. Lilimkaa shingoni, likambana kiunoni, likamwagika mpaka vifundoni.

Binti aliinama, akatia saini.

Mhasibu akajiona amekuwa mkali mno. Mtoto ni mtoto, na hesabu yake ilikuwa safi. Akainuka, akazunguka meza, akampiga kofi dogo la pongezi mgongoni.

Kiganja kilikuta ngozi, utepe wa shumizi, na safu ya pini.

Alimshika bega, akamgeuza. Alikwenda hadi ukutani, akalifunua la Machi, akalifunua la Juni.

"Yote?" aliuliza.

"Yote, mama," dada mtu alisema. "Yana mbele tu."

Mhasibu alirudi mezani, akauchukua mkataba, akaukunja katikati na kupitisha ukucha juu ya mkunjo. Kisha akauchana polepole, kama fundi anayefuata mstari wa chaki, akampa malkia nusu yake.