Mnara wa Kuonwa Mara Moja

Siku hizi mtu huuona mnara wa taa mara moja tu maishani, baada ya hapo pantoni haimvushi tena. Mwanahawa alikuwa ameendesha gari saa sita nzima kwenye mashimo, mumewe Kombo akikoroma pembeni, halafu lango la pantoni likamfungukia yeye peke yake.

"Bwana huyu ameshauona," lango lilisema kwa adabu.

"Mashine mbovu hii!" Kombo alifoka. "Mke wangu, mimi huko sijatia mguu!"

Mwanahawa alikuwa ameshainua mguu alipige lango teke. Ndipo akakumbuka maneno ya Kombo asubuhi: "Chukua sweta, mke wangu. Ukishazimaliza zile ngazi, upepo wa kule juu si mchezo."

Aliushusha mguu. Akavaa sweta, akavuka bila kugeuka.