Siku ya Tisa ya Novena

Rozari ilipokwisha, bibi mwenyekiti wa jumuiya alibaki peke yake na mgonjwa. Akafungua blauzi, akaushika mkono wa Leonia na kuuweka pale palipokuwa zamani na titi lake.

"Gusa, mwanangu. Usiogope."

Kovu lilikuwa limejikunyata kama utando wa uji uliopoa. Kwa mkono wa pili Leonia akakisukuma mbali kikombe cha uji wa ulezi aliokorogewa na bibi huyo huyo.

Kinyaa hiki alikijua. Alipopungua kilo sitini, matiti yake yalibaki yakining'inia kama soksi zilizolowa. Kila asubuhi aliyakunja ili yaingie kwenye sidiria, na jasho la kwenye mikunjo lilinuka hadi mwenyewe akageuza uso. Akaenda Dar kuyarekebisha kwa upasuaji. Aliporudi Majengo, kwa kuogopa maneno ya watu, akasema ametolewa uvimbe kwenye titi. Jumuiya ikadhani ni saratani, naye akanyamaza. Siku tisa wamemwombea, siku tisa ameitikia amina.

"Mimi nililia mwaka mzima," bibi alisema, machozi yakimlengalenga. "Sikuwa na wa kumwonyesha. Wewe unaye."

Chini ya bandeji matiti mawili yalikuwa yamesimama, mazuri kuliko ya usichana wake. Leonia akajiona ananuka kuliko ile mikunjo.

"Bibi, basi, inatosha…"

"Mbele yangu usione haya." Vidole vikavu vya bibi vilikuwa tayari vimefungua kifungo cha kwanza cha gauni la Leonia. "Wamekata moja, au yote?"