Neno Aliloulizwa Mama

Mwana alihukumiwa kunyongwa kwa mauaji, na rufaa yake ikabaki imening'inia kwenye neno moja ambalo shahidi wake alikuwa mama yake peke yake.

"Muuza dawa za kulevya alipowaletea mzigo bandia," wakili akauliza, "mwanao alimwambia nini mwenzake mwenye kisu? Alisema malizana naye, yaani elewaneni. Sivyo, mama?"

Kitendawili hicho, wajukuu zangu! Malizana naye, mtoto anarudi nyumbani. Mmalize, kitanzi.

Siku ile mama alikuwa jikoni. Alikiona kisu chake cha vitunguu kikizama shingoni mwa muuzaji mpaka kwenye mpini, kikatoka, kikarudi tena. Damu iliruka ikampiga mdomoni, ya moto, yenye chumvi. Muuzaji akaanguka miguuni pake, akang'ang'ania pindo la gauni lake.

"Mama!" akamwita, yeye asiye mwanawe. Neno la pili likatoka damu tupu.

"Si useme, mama! Umeng'atwa ulimi?" mwanawe akafoka kutoka kizimbani.

Mama akawageukia majaji.

"Waheshimiwa, huyu kusema nimemfundisha mwenyewe. Alisema mmalize."