Timu ya Themanini na Nane

Vidole vya Sifael viligoma kabla hawajaumaliza mlima.

"Tuweke chini," alisema kwa kuhema, na jeneza la golikipa wao likatua kwenye vumbi la njia ya Gonja.

Wanaukoo walitaka kuwapokea, akawazuia. Mchezaji wa timu ya mwaka themanini na nane hubebwa na wenzake tu mpaka kaburini. Ndivyo walivyoahidiana. Leo walibaki wanne, wote na magoti mabovu.

Wale wa timu ya mwaka tisini na tano walisimama kando, kofia mikononi. Miaka yote hii, kila walipokutana Same mjini, walibishana nao mpaka kununiana: timu ipi ya sekondari yao ilikuwa bora kuliko zote?

Sifael alitazama kiganja chake. Mshikio wa jeneza ulikuwa umekichuna ngozi.

"Njooni wawili," aliwaita wale wa tisini na tano.

Nahodha wao alikuja haraka na mwenzake, akaushika mshikio uleule, machozi yakimlengalenga.

"Kaka, leo nakubali. Nyie ndio mlikuwa bora."

"Nyamaza, ubebe," Sifael alisema, akiinama tena. "Marehemu alikuwa anasema ni nyie."