Zinki ya Bati

Kengele ya kanisa ilishalia, na Hilda bado anazungukazunguka sebuleni, tyubu ya losheni ya jua kila mkono. Binti yake, mwenye ualbino, alimsubiri mlangoni katika gauni la kipaimara.

Tyubu ya kwanza ilitoka kliniki ya ngozi, Moshi mjini. Nesi alisema ina zinki. Zinki? Hii hii ya kwenye mabati? Ya pili kaka yake, mwongoza watalii, alipewa na mgeni aliyempandisha mlimani. Hiyo, aliambiwa, ni ya kemikali. Na kemikali Hilda anaijua, ndiyo anayopulizia kahawa akiwa amejifunga kitambaa puani.

Mwezi wa pili sasa, zote mbili hazijafunguliwa.

"Mama, nipake yoyote. Jua lishatoka."

"Subiri kwanza nimuulize shangazi yako. Nisije nikakuunguza."

Alisogea amrekebishe kofia, akaliinua sikio kwa kidole. Nyuma yake palikuwa na kidonda, kimekauka pembeni, kibichi katikati.

"Hiki umekipata lini?"

Binti alirudisha kofia mahali pake.

"Tangu ulipoanza kuulizauliza, mama."