Mshale Uliosimama Nusu

Tangi lilikuwa kavu, na bado mshale wa mafuta ulionyesha nusu.

Padri Anani alizima ufunguo, akawasha tena. Mshale ulianguka, ukainuka, ukasimama palepale. Alikuwa ameinama sana, ndevu zake zikigusa usukani.

"Rudia tu, Baba," alisema Stamen, fundi. "Hata ukirudia mpaka Pasaka, ni hivyohivyo."

"Na una hakika halina kitu?"

Gocho, kaka wa marehemu mwenye gari, hakungoja jibu. Alijilaza chini ya gari na spana, akafungua kizibo cha tangi, akakinga kiganja. Halikudondoka hata tone. Akatoka akijifuta mkono kwenye suruali, ingawa mkono ulikuwa mkavu.

Theluji ya paani ilikuwa ikiyeyuka na kudondoka mbele ya gereji. Kwenye lango palibandikwa tangazo la msiba lenye picha ya Zapryan, kofia ya manyoya imepinda kichwani, anacheka. Ndiyo picha pekee waliyoipata akicheka.

Walimkuta huko juu, kwenye njia ya malisho, ndani ya hili gari lake dogo la kijani, theluji ikiwa imefika madirishani na mikono yake imetulia mapajani. Petroli ilikwisha, injini ikazimika, baridi ikamaliza. Hayo kijiji kizima kiliyajua. Kisichojulikana kilikuwa kimoja: alipoanza kupanda mlima, mshale ulimwonyesha nini?

Watu walikuwa wameshaamua. Tangu kondoo wake wote walipochinjwa kwa amri ya daktari wa mifugo, kwa sababu ya maradhi, Zapryan hakucheza tena karata wala hakunyoa ndevu. Na anayejitoa roho mwenyewe, kanisa halimwombei. Alizikwa bila kengele, kwenye kona ya ua, palipoota miiba. Kesho ilikuwa siku yake ya arobaini.

"Kama gari lilimdanganya, nitakuja na chetezo na nitamwombea kwa sauti, wote wasikie," padri alikuwa amemwambia mjane. "Lakini kama aliona sifuri na bado akapanda, mwanangu, mikono yangu imefungwa."

Mjane, Tsveta, alisimama kando ya meza ya kazi katika nguo zake nyeusi. Hakulitazama gari. Alitazama redio kuukuu ya Stamen, iliyokuwa imelala kifudifudi kati ya koleo na misumari, mgongo wazi.

"Leo hata redio huiimbishi, shemeji."

"Imekufa," alisema Stamen. Macho yake yalikuwa mekundu. Gari lilivutwa kutoka mlimani kwa trekta jana jioni, theluji ilipopungua, naye akaomba aachiwe mpaka asubuhi ili achaji betri.

"Ngano ya arobaini nimeshailoweka," alisema Tsveta. "Sijui kama kesho nitaichemsha kwa ajili yake au nitawamwagia kuku."

"Ghalani kwake kulikuwa na debe la petroli limejaa pomoni," alisema Gocho. "Mimi hilo ndilo linalonila. Kwa nini hakulichukua?"

"Wewe ungebeba debe, na mshale unakwambia nusu?" alisema Stamen.

Padri alishuka garini polepole. "Nani aliigusa geji hii ya mafuta mara ya mwisho?"

Swali hilo halikuhitaji jibu. Juu ya lango, kwa herufi nyekundu alizozichora fundi mwenyewe, paliandikwa: KWA STAMEN KAZI HAIRUDI. Alikuwa akiringa nayo kila mahali: alichokitengeneza yeye hakirudishwi. Kilabuni aliwahi kusema kwamba Mungu angemletea yeye dunia aitengeneze, isingekuwa inayumba hivi.

"Mimi," alisema Stamen. "Mwaka jana, wakati wa kuchuma zabibu. Waya wa tangi ulikuwa umekatika, nikauunga ovyo. Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya kwenda wapi?" aliuliza Gocho.

"Haraka tu."

"Jeshini mlikula sahani moja. Ukamsimamia harusi. Halafu haraka tu?"

Gocho alitoka, akaburuta ngazi, akapanda. Walisikia ubao ukilia, misumari ikitoka, kisha kibao kikaanguka matopeni. Gocho akashuka na kukitemea mate.

"Kazi hairudi, eti! Na mtu naye hakurudi. Leo hii nitawaambia wote, kuanzia kanisani mpaka kinu cha unga cha kule chini. Utatengeneza magari ya mbwa!"

"Waambie," alisema Stamen.

Padri alijifanyia ishara ya msalaba. "Kesho baada ya misa, Tsveta. Kengele nitaipiga mwenyewe."

Tsveta ndipo alipolisogelea gari. Aliweka kiganja kwenye kiti cha dereva, palipobonyea umbo la mumewe.

"Kumbe alikuwa anarudi," alisema kwa sauti ndogo. "Alikuwa anarudi nyumbani."

"Alikuwa anarudi," alisema Stamen.

Mlangoni Tsveta aligeuka, lakini hakumtazama usoni. "Litengeneze sasa. Litengeneze sawasawa, halafu Gocho atakuja kulichukua. Wewe usije. Na kesho pia usije."

Sauti ya nyayo zao ilipopotea kwenye matope, Stamen alifunga lango. Aliinua kiti cha nyuma, akafungua bamba la chuma juu ya tangi, akang'oa kiwaya kilichoviringwa, alichokitoa redioni alfajiri na kukiunga hapo. Akaurudisha waya wa tangi mahali pake. Kisha akaketi kwenye kiti cha rafiki yake na kuwasha ufunguo.

Mshale ulitetemeka kidogo, ukaenda kulala kwenye sifuri, palepale alipoukuta jana usiku.